Binti Aliyedharau Watu wa Madukani: Maoni Yangu Juu ya North and South

Hadithi za mapenzi za zamani, zile za magauni marefu na magari ya farasi, nazisoma mno, na ninazozipenda kuliko zote ni zile zinazoanza kwa ugomvi. Shida ni kwamba nyingi ugomvi wenyewe hauna kichwa wala miguu. Bwana kasikika akimteta binti kwenye dansi, basi kurasa mia mbili watu wazima wananuniana. Halafu mvua inanyesha, nyumba ya wageni imebakiwa na chumba kimoja, na kufikia alfajiri chuki yote imeyeyuka. Ukijiuliza walikuwa wanagombania nini hasa, jibu huna.

North and South, riwaya ya Mwingereza Elizabeth Gaskell, jibu inalo. Humu wanagombania kazi. Nani astahili heshima, mwenye kiwanda ana wajibu gani kwa anayemfanyia kazi, na je, mtu anayeishi kwa kuuza na kununua ni mtu kamili au ni nusu mtu? Mimi nauza kanga na vitenge Kariakoo, kwa hiyo kesi hii ilinihusu tangu mwanzo.

Na ilianza kwa kuniudhi. Sura ya pili tu, Margaret Hale, binti wa mchungaji wa kijiji cha Helstone kusini mwa Uingereza, anamwambia mama yake kwamba ni heri hawatembeleani na familia fulani iliyotajirika kwa biashara, maana yeye watu wa madukani hawapendi. Wakulima anawapenda, wanajeshi na mabaharia anawapenda, wasomi pia. Sisi wengine hapana. Nikaiweka chini simu niliyokuwa nasomea, nikamkatia mteja kitambaa chake, nikasema moyoni: haya binti, tutaonana mbele.

Mbele kweli tukaonana. Baba yake Margaret anaingiwa na shaka juu ya kanisa lake, anaacha uchungaji kwa sababu ya dhamiri, na familia nzima inahamia Milton, mji wa viwanda vya pamba upande wa kaskazini. Milton ni Manchester iliyopewa jina jingine. Gaskell hakuhitaji kuubuni mji huo, aliishi humo, mumewe akiwa mchungaji humohumo, na habari za mgomo nazo zilikuwa mbichi. Mjini Preston, kuanzia 1853 hadi 1854, wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikaa miezi nje ya mageti wakidai warudishiwe asilimia 10 ya mshahara wao. Septemba 1854 hadithi hii ikaanza kutoka kila wiki katika Household Words, jarida la Charles Dickens, ikaisha Januari 1855. Kwa hiyo kwa wasomaji wake wa kwanza haikuwa hadithi ya kale hata kidogo, ilikuwa habari ya juzi. Sisi ndio tunaoisoma kama historia.

Sasa huyo adui. John Thornton ana miaka kama thelathini, ndiye mwenye kiwanda cha Marlborough Mills, na jioni anakuja kwa mzee Hale kusomeshwa Kigiriki kwa sababu shule aliikatisha utotoni. Baba yake alipoteza fedha zote katika biashara za kubahatisha, akajiua. Mtoto akatolewa shule, akaenda kufanya kazi duka la vitambaa. Shilingi 15 kwa wiki, za kulisha watu watatu, na katika hizo mama yake alihakikisha shilingi 3 zinawekwa akiba kila wiki bila kukosa. Nilipofika hapo Thornton alikuwa wangu. Mtu aliyepima kitambaa cha watu kwa yadi hadi akafungua kiwanda chake, nami nimsikilize mtoto wa mchungaji akimwita mtu wa dukani?

Uzuri wa Gaskell ni kwamba anatuonyesha mambo ambayo Margaret hayaoni. Nyumba waliyopanga Milton ina karatasi za ukutani za kuchefua: mawaridi ya rangi ya waridi na ya bluu yenye majani ya njano. Mwenye nyumba anagoma kuzibadilisha. Wanaporudi kuhamia wanazikuta zimeondolewa, na wanadhani mwenye nyumba kaona aibu. Ni Thornton aliyemwambia neno moja kali, akanyamaza, wala hakulitaja tena. Msomaji anajua, Margaret hajui, na kuanzia hapo kila anapomtolea nyodo unatamani umfinye.

Kisha kuna chai, sura ya kumi. Nimeirudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Margaret anagawa vikombe, na mkononi ana bangili ambayo kila mara inateleza hadi kifundoni. Anaisukuma juu kwa papara, inabana nyama ya mkono, inalegea taratibu, inashuka tena. Thornton anazungumza na mzee huku macho yake yako kwenye ile bangili tu, anasubiri ishuke. Mara mzee Hale, kwa utani wa baba na bintiye, anakamata kidole kidogo na gumba la Margaret na kuvitumia kama koleo la kuchukulia sukari. Basi ni hayo tu. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na mimi nilikuwa najipepea kwa kipande cha boksi ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Wakati wa kuondoka Thornton ananyoosha mkono kwa Margaret, maana kwao kaskazini ndiyo desturi. Margaret hakuzoea hivyo, anainamisha kichwa tu, na anapotambua, mkono umesharudishwa. Thornton anatoka nje akinung'unika kwamba hajapata kuona msichana mwenye kiburi kama huyu. Huku kwetu, ambako mtu akikunyima mkono mnaweza kumaliza mwaka hamsemeshani, hakuna atakayeuliza kwa nini bwana kakasirika. Wala Margaret hakukusudia. Ugomvi mzuri unajengwa hivyo, kila upande una haki yake, na wewe katikati huna pa kupeleka hasira.

Lakini mkono haukutosha kuwa kisa. Kisa chenyewe ni kiwandani. Thornton anaamini kwamba mwenye kiwanda hana sababu ya kuwaeleza wafanyakazi kwa nini mishahara haiwezi kupanda; fedha ni zake, hasara ni yake, na baada ya saa za kazi hataki kuingilia maisha ya mtu. Margaret anamjibu kwamba huwezi kumtegemea mtu kwa mikono yake kisha ukajifanya hakuhusu. Anayasema kwa sababu amefanya urafiki na Nicholas Higgins, mtu wa chama cha wafanyakazi, na binti yake Bessy, msichana wa umri wake ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la pamba.

Bessy namjua. Siyo yeye, lakini nimeishi nyumba moja na kikohozi chake. Marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha nguo kanda ya Ziwa, kwenye mashine za kuchana pamba kabla haijasokotwa, akirudi nyumbani nyuzinyuzi nyeupe ziko kwenye kope na ndani ya masikio, na mama akimkung'uta mlangoni kwa kanga kabla hajaingia. Kwa hiyo Bessy anapomweleza Margaret jinsi vumbi lile linavyozunguka hewani na kumkaba mtu, sikuhitaji picha. Anasema viwanda vingine vina gurudumu kubwa mwisho wa chumba, linalovuta hewa na kuliondoa vumbi. Ila linagharimu kama pauni 500 au 600 na haliingizi faida, ndiyo maana wenye viwanda wachache hulifunga. Halafu anaongeza jambo ambalo lilinifanya nikae kimya: wapo wafanyakazi wenyewe waliokataa kufanya kazi penye gurudumu, kwa sababu walishazoea kumeza vumbi, na bila vumbi walisikia njaa, wakataka mshahara upande wanunue chakula. Mwandishi asiyekaa na watu hao na kuwasikiliza hawezi kuandika sentensi hiyo.

Basi mgomo unapasuka. Thornton analeta vibarua kutoka Ireland, umati unavunja geti lake, na Margaret, ambaye kwa bahati yuko nyumbani kwa Thornton, anamwambia ashuke akaongee nao kama mwanamume na kama binadamu. Anashuka. Margaret akiwa dirishani anaona wavulana wanavua viatu vyao vya mbao tayari kurusha, anakimbia nje, anamkumbatia Thornton shingoni amkinge, na jiwe dogo lenye ncha linampata yeye kichwani. Mbele ya mji mzima! Enzi hizo binti akimkumbatia mwanamume hadharani, harusi imeshapangwa kwenye midomo ya watu.

Kesho yake Thornton anakwenda kuposa. Na wakati ametoka, Gaskell anatuacha na mama yake, Hannah Thornton, bibi mkali kuliko pilipili mbuzi, ambaye Margaret hampendi hata kwa dawa. Ana uhakika mwanawe atakubaliwa, maana nani atamkataa mwanawe? Kwa hiyo analetewa makapu ya vitambaa vya meza ayahesabu, kwa ajili ya nyumba ya bibi harusi mpya. Vingine ni damaski ya Uholanzi, laini, ya tangu alipoolewa yeye, vyenye herufi G.H.T., jina la marehemu mumewe na lake. Anavitazama kwa muda mrefu. Anabana midomo. Kisha anafumua uzi wa G na wa H, anaiacha T peke yake. Anatafuta uzi mwekundu wa kutarizi herufi za mkwe, anakuta umekwisha, na moyo wa kutuma mtu akanunue mwingine hana.

Mama mkwe wa hadithi tumewachoka, wale wa kutega sumu na kwenda kwa mganga. Huyu hafanyi lolote baya. Anafumua uzi kwenye kitambaa chake mwenyewe, na inauma kuliko sumu. Nauza vitambaa kila siku na sijaona mwandishi aliyetumia kitambaa vizuri hivyo.

Posa inakataliwa, tena kwa ukali. Margaret anamwambia kwamba mwanamke yeyote angemkinga mtu yeyote katika lile kundi. Thornton anamwambia humwelewi mtu kama mimi. Anajibiwa: wala sina haja ya kukuelewa. Bwana anaondoka akiwa amepondeka, na bado kitabu hakijafika hata nusu.

Hapa ndipo nitakaposema maovu yake. Nusu ya pili ina misiba mingi mno. Mama anakufa, Bessy anakufa, Boucher, mfanyakazi mwenzake Higgins, anajiua, baba anakufa, na bwana Bell, rafiki wa zamani wa mzee Hale, naye anakufa kwa wakati unaofaa sana. Kuna kaka mtoro wa jeshi la majini anayekuja kwa siri kumuaga mama, kuna mtu anayesukumwa stesheni usiku, kuna Margaret kumdanganya polisi, na Thornton kumwona na kijana asiyemjua na kudhani ni hawara. Sehemu ya uongo inasaidia, kwa sababu Margaret sasa ana deni kwa mtu aliyemdharau. Thornton ndiye hakimu, anaifunga kesi ingawa anajua Margaret kadanganya. Mengine ningeyapunguza bila huruma. Ukiona unasinzia kwenye barua za binamu Edith, ruka, hutapotea.

Kinachokibeba kitabu wakati wapenzi hawaonani ni Higgins. Mgomo umeshindwa, Boucher aliyeuharibu kwa kuchochea fujo amejizamisha kwenye kijito, na Gaskell hakusahau kwamba maji ya kijito hicho yametumika kiwandani kutilia nguo rangi, hata uso wa maiti umebaki na madoa. Higgins anawachukua watoto wa Boucher. Anahitaji kazi, na kila geti limefungwa kwa mtu wa chama. Anakwenda kusimama nje kwa Thornton saa tano nzima amsubiri, anapokewa kwa maneno ya kudhalilisha. Ila Thornton baadaye anaanza kuzifikiria zile saa tano. Anapeleleza habari za watoto, anakuta ni kweli, anatoka mwenyewe kwenda nyumbani kwa Higgins kumpa kazi. Wawili hao wanabishana hadi wanafungua jiko la wafanyakazi, tajiri ananunua vyakula kwa jumla, na siku za nyama na viazi anaalikwa kula nao.

Hadithi nyingi za aina hii zinamlainisha bwana kwa machozi ya binti. Huyu analainishwa na fundi wa kufuma asiyemwogopa, binti akiwa hayupo, wala hajui kama anaonekana. Kwa hiyo Margaret anapokuja kumpenda ana kitu cha kupenda.

Kuna kimya kimoja sikukipenda. Thornton analalamika kwamba nyuzi za Wamarekani zimejaa sokoni na zinawashushia bei. Naam, na soko mojawapo lilikuwa Unguja, ambako miaka hiyo nguo iliyotamba ilikuwa merikani, ile nzito isiyopaushwa, kutoka viwanda vya Massachusetts. Sayyid Said na Marekani walishawekeana mkataba wa biashara tangu 1833. Lakini pamba yenyewe, iliyokuwa inalisha mitambo ya Marekani na ya Manchester vilevile, kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa. Gaskell aliyeufuatilia unyuzi wa pamba hadi ndani ya pafu la Bessy hakuufuatilia kurudi nyuma hadi shambani. Kusini inayotajwa kwenye jina la kitabu ni Hampshire yenye mawaridi. Kusini ya Mississippi na Alabama haimo. Na wale vibarua wa Ireland nao wanapita kama kivuli: wanaogopa, wanafungiwa ndani ya kiwanda, hawapewi hata jina.

Mwisho sasa, na kama hutaki kujua, ruka aya mbili. Thornton anafilisika, kwa sehemu kwa sababu ya ule mgomo, na anakataa kuingiza fedha za wadai wake kwenye biashara ya kubahatisha kama ile iliyomuua baba yake. Margaret amerithi mali ya bwana Bell, ikiwemo ardhi ya kiwanda kile. Anamwita London kwa mambo ya upangaji, anaanza kumweleza kwa sauti inayotetemeka kwamba ana pauni 18,057 zimelala benki zikimpa asilimia 2.5 tu, kwamba yeye Thornton angeweza kumpa riba nzuri zaidi kwa fedha hizo na kuendelea na kiwanda. Anatafuta karatasi za hesabu asimwangalie usoni. Yule yule wa sura ya pili! Anamtamkia mwanamume mapenzi kwa mtaji, riba na faida, kama mwenzake wa dukani, na anamwachia heshima yake kwa kufanya ionekane anayesaidiwa ni yeye Margaret. Wanawake wa vikoba mtanielewa. Kuna busu pia, na maua makavu kutoka Helstone ndani ya pochi ya bwana, lakini mimi nililia kwenye ile riba.

Inaisha haraka mno. Dickens alikuwa anabana nafasi kwenye jarida, Gaskell akalalamika, na hata baada ya kuongeza sura katika toleo la kitabu la 1855, ukurasa wa mwisho bado unakuacha mdomo wazi ukitaka walau chai moja zaidi.

Wengi wanakijua kupitia tamthilia ya BBC ya 2004, sehemu nne, Richard Armitage na Daniela Denby-Ashe. Itazame, pamba inavyoelea hewani ndani ya kiwanda ni kama nilivyosimuliwa. Ila kule Thornton anaanza kwa kumpiga mfanyakazi aliyekutwa na moto wa tumbaku, jambo ambalo kitabuni halimo. Ngumi ni rahisi kuchukiwa na rahisi kusamehewa. Thornton wa kitabuni ana hoja, na hoja ndiyo inayomnyima Margaret usingizi. Busu la stesheni la kwenye tamthilia, hilo nakubali, limeizidi sebule ya London.

Kwa atakayekisoma: hakimiliki ilishakwisha, kwa hiyo Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanacho bure na kinasomeka kwenye simu ya kawaida, LibriVox nao wana sauti yake, bure pia. Sura ni 52, nyingi fupi. Kiingereza cha Higgins na Bessy ni cha kaskazini, kimeandikwa kama kinavyotamkwa, kitakutoa jasho sura mbili tatu. Ukikwama, kisome kwa sauti, maneno yatajitokeza. Asiye na subira aanzie sura ya saba, wanapoonana mara ya kwanza hotelini, kisha akishanasa arudi nyuma aone binti alivyotutukana wenye maduka.